Ahadi Ni Deni: Lugha ya Viungo katika Tovuti ya Biashara Ndogo

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la mtandao methali hii yafaa kutafakariwa upya, kwa kuwa hata kilicho chema hakiwezi kujiuza iwapo mnunuzi haioni njia ya kukifikia. Katika tovuti, njia hiyo ni kiungo: neno au fungu la maneno ambalo msomaji akilibofya kwa kipanya, au akiligusa kwa kidole kwenye rununu, hupelekwa kwenye ukurasa mwingine.

Wengi huchukulia kuwa viungo ni kazi ya mafundi wa tarakilishi. Fundi ndiye aandikaye msimbo, na mwenye biashara ndiye alipaye gharama. Hata hivyo, kiungo kina pande mbili. Upande mmoja ni anwani, ambayo kwa kawaida msomaji haioni. Upande wa pili ni maneno yanayoonekana, na maneno ni uwanja wa mwanaisimu. Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi viungo vinavyoweza kutumiwa kwa ufanisi katika tovuti ya biashara ndogo inayoandikwa kwa Kiswahili, na kubainisha kwamba sehemu kubwa ya ufanisi huo hutegemea uteuzi wa maneno. Mfano utakaorejelewa ni wa kubuni: karakana ya seremala mjini Nakuru inayouza vitanda, makabati, meza na viti.

2.0 Asili ya Kiungo na Istilahi Yake

Wazo la kuunganisha matini lilitangulia intaneti yenyewe. Mwaka 1945 Vannevar Bush, mwanasayansi wa Marekani, alieleza katika makala yake chombo cha kuwaziwa ambacho kingemwezesha msomaji kuunganisha waraka mmoja na mwingine na kuhifadhi mkondo wa usomaji wake. Mnamo mwaka 1965 Ted Nelson alichapisha istilahi ya Kiingereza inayorejelea matini iliyounganishwa na matini nyingine. Kisha mwaka 1989 Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN huko Uswisi, alipendekeza mfumo ambao baadaye ulikuja kuwa wavuti. Katika lugha ya msimbo aliyoibuni, kiungo huandikwa kwa alama ya herufi a, ambayo ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya nanga.

Kiswahili hakikufuata sitiari ya nanga. Nomino kiungo imenyambuliwa kutokana na kitenzi unga, yaani kufanya vitu viwili kuwa kimoja. Uteuzi huu una mantiki, ila una tahadhari yake. Neno viungo tayari lina kazi nyingine: viungo vya mwili, na viungo vya pilau kama vile mdalasini, iliki na bizari. Duka linalouza viungo vya mapishi likiandika kwenye tovuti yake kichwa "Viungo Muhimu" kwa kurejelea kurasa za nje, mteja atatarajia kuoneshwa karafuu. Hapo ndipo inapobainika kuwa istilahi ya fundi haipaswi kusafirishwa moja kwa moja hadi mbele ya mnunuzi. Mnunuzi hana haja ya kuambiwa kuwa hiki ni kiungo. Anataka kujua kinampeleka wapi.

3.0 Kiungo kama Ahadi

Kila kiungo ni ahadi. Maneno yake humwambia msomaji kuwa akigusa, atapata kitu fulani. Naam, ahadi ni deni, na deni hili hulipwa papo hapo ukurasa unapofunguka. Kiungo kikisema "Bei za makabati" na ukurasa ukafunguka kwa historia ya mwanzilishi wa karakana, deni halijalipwa, na mteja hana sababu ya kusubiri. Sokoni, mwenye duka aweza kumwita mteja anayeondoka. Mtandaoni, mteja huondoka bila kuaga na mwenye duka hana habari kuwa alikuwepo.

Kutokana na hali hii, kanuni ya kwanza ni kwamba maneno ya kiungo na kichwa cha ukurasa unaofikiwa sharti yapatane. Iwapo kiungo kimeandikwa "Meza za kulia", kichwa cha ukurasa kiwe "Meza za kulia", wala si "Bidhaa zetu bora za jikoni na sebuleni". Msomaji anayeona maneno yale yale hupata hakika kuwa hajapotea.

Aidha, uteuzi wa neno uwe thabiti. Kiswahili kina utajiri wa visawe na tofauti za kimaeneo: anachokiita mmoja kabati, mwingine hukiita almari. Katika ushairi utajiri huu ni johari. Katika tovuti, kiungo kimoja kikiandikwa "Makabati" na kingine "Almari", mteja atadhani ni bidhaa mbili tofauti. Neno linalojulikana zaidi na wateja wa eneo husika liteuliwe, lishikiliwe kote, na kisawe chake kitajwe ndani ya maelezo ya ukurasa ili anayekitumia naye asikose.

4.0 Kasoro ya "Bofya Hapa"

Kiungo kinachopatikana kwa wingi katika tovuti za Kiswahili ni "bofya hapa" au "bonyeza hapa". Ni tafsiri ya mazoea ya Kiingereza, na kasoro yake inaweza kuelezwa kwa misingi ya sarufi.

Hapa ni kionyeshi cha mahali, cha karibu na mahususi. Maana yake hutegemea muktadha: alipo msemaji ndipo hapa. Kwenye ukurasa wa tovuti, hapa huonyesha mahali palipo na kidole cha msomaji, yaani kwenye kioo cha rununu. Lakini msomaji hahitaji kujua kidole chake kiko wapi. Anahitaji kujua mwisho wa safari, ambao kwa hakika si hapa bali ni kule. Kwa hivyo kiungo cha "hapa" hutaja mahali anapoondokea msafiri na kunyamaza kuhusu anakokwenda. Ni sawa na matatu ambayo kibao chake kimeandikwa "Panda hapa" bila kutaja Naivasha wala Eldoret.

Vivyo hivyo, "soma zaidi" ni fungu lililokatwa. Zaidi kuhusu nini? Ukurasa wenye bidhaa sita na chini ya kila moja pameandikwa "soma zaidi" una viungo sita vyenye sura moja na miisho tofauti. Anayeona vizuri aweza kukisia kwa kutazama picha iliyo juu yake. Asiyeona hana picha ya kumsaidia. Watumiaji wasioona hutumia programu za kusoma kioo kwa sauti, kama vile JAWS na NVDA, ambazo zaweza kumworodheshea msikilizaji viungo vyote vya ukurasa vikiwa vimetengwa na sentensi zake. Katika ukurasa wa namna hiyo atasikia "hapa, hapa, hapa, soma zaidi, soma zaidi". Ndiyo sababu mwongozo wa ufikivu wa wavuti, toleo 2.0, uliotolewa na shirika la W3C mwaka 2008, unataka lengo la kila kiungo lieleweke kutokana na maneno yake au muktadha wake wa karibu.

Marekebisho yake ni mepesi. Badala ya "Kupata bei za vitanda bofya hapa", iandikwe "Tazama bei za vitanda", na maneno "bei za vitanda" yawe ndiyo kiungo. Badala ya "soma zaidi", iandikwe "Vipimo vya kabati la milango mitatu". Sentensi hufupika na maana hupanuka.

5.0 Umbo la Neno na Jicho Linalopitia

Msomaji wa tovuti hasomi kama msomaji wa riwaya. Jicho lake hupitia upande wa kushoto wa ukurasa likitafuta neno linalomhusu. Mwaka 2009 Jakob Nielsen, mtaalamu wa utumizi wa tovuti, alieleza jaribio ambamo watu walionyeshwa herufi 11 za kwanza tu za viungo, kisha wakaulizwa wanatarajia kupata nini. Viungo vilivyoanza kwa maneno yenye uzito vilieleweka, ilhali vilivyoanza kwa maneno matupu vilishindwa.

Jaribio hilo halikuhusu Kiswahili, lakini linazua swali muhimu kwa mwanafunzi wa mofolojia. Kitenzi cha Kiswahili hubeba viambishi kabla ya mzizi. Katika neno tunakuuzia, herufi 6 (tu-na-ku) hutangulia mzizi -uz-. Kiungo kinachosema "Tutakutengenezea kitanda" kikikatwa baada ya herufi 11 hubaki "Tutakutenge". Msomaji amekwisha kuambiwa nafsi, wakati na mtendwa, ila hajui kama anauziwa kitanda, kiti au jeneza. Linganisha na kiungo kinachoanza kwa nomino: "Vitanda vya mvule", ambacho kikikatwa hubaki "Vitanda vya". Habari kuu imefika salama.

Hii ni faida ambayo Kiswahili kinayo kwa kuzaliwa. Katika kirai nomino cha Kiswahili, nomino kuu hutangulia na vivumishi hufuata: vitanda vya mvule, vitanda vikubwa, vitanda vya watoto. Kiingereza hutanguliza kivumishi. Mwandishi wa viungo vya Kiswahili anayeanza kwa nomino anaitumia sarufi ya lugha yake. Anayetafsiri kutoka Kiingereza neno kwa neno anaitupa.

Pale kitenzi kinapohitajika, hali ya amri ya umoja ndiyo inayofaa, kwa kuwa haina kiambishi awali: agiza, lipa, pima, linganisha. "Agiza kitanda" baada ya herufi 11 hubaki "Agiza kitan", na msomaji ameshajua tendo na kitu. Yamkini baadhi ya wasomaji wataona amri tupu kuwa ni ukosefu wa adabu, hasa kwa mteja mwenye umri. Dukani, mwuzaji hangemwambia mzee "Lipa!" bila kutanguliza neno la heshima. Suluhisho ni kuiweka heshima katika sentensi inayozunguka kiungo: "Mteja wetu mpendwa, ukisharidhika na vipimo, agiza kitanda chako." Heshima imedumishwa, na kiungo kimebaki kifupi.

6.0 Viungo vya Ndani na Mpangilio wa Duka

Viungo vya ndani ni vile vinavyounganisha kurasa za tovuti moja. Hivi ni kama ujia kati ya rafu za duka. Ukurasa usiofikiwa na kiungo chochote ni ukurasa yatima: upo, lakini hakuna anayeupata. Seremala aweza kulipia ukurasa mzuri wa viti vya kubembea, kisha asiuunganishe na ukurasa wa mwanzo wala wa viti, halafu akashangaa kwa nini viti hivyo havinunuliwi.

Katika orodha kuu ya tovuti, majina machache yaliyo wazi yanatosha: Mwanzo, Vitanda, Makabati, Meza na Viti, Usafirishaji, Wasiliana Nasi. Hapa pia tafsiri sisisi huleta dosari. Neno "Nyumbani", likitumiwa kwa ukurasa wa kwanza, ni tafsiri ya Kiingereza. Kwa mteja wa samani, nyumbani ni mahali kitanda kitakapopelekwa. "Mwanzo" haina utata huo.

Isitoshe, viungo viwekwe pale swali la mteja linapozuka. Anayesoma kuhusu kabati huuliza mambo matatu: bei, muda wa kutengenezwa, na jinsi litakavyomfikia. Kiungo cha "Gharama za usafirishaji" kiwe karibu na bei. Anayelazimika kurudi mwanzo ili kutafuta jibu aweza kurudi moja kwa moja kwa mshindani.

Viungo pia sharti vionekane kuwa viungo. Tangu kivinjari cha Mosaic cha mwaka 1993, wasomaji wamezoea maneno ya rangi ya samawati yaliyopigiwa mstari. Si lazima rangi hiyo ifuatwe, lakini mstari chini ya maneno husaidia, kwa sababu rangi peke yake haitambuliwi na kila jicho. Kwa mantiki hiyo hiyo, maneno ambayo si kiungo yasipigiwe mstari. Kwa wanaotumia rununu, viungo visisongamane hivi kwamba kidole kinacholenga "Meza" kikagusa "Makabati".

7.0 Viungo vya Mawasiliano na Malipo

Baadhi ya viungo havimpeleki mteja kwenye ukurasa bali humkutanisha na mwenye biashara. Anwani ikianza kwa tel na nukta pacha, kisha nambari, kugusa kiungo hufungua sehemu ya kupigia simu. Anwani ya wa.me ikifuatwa na nambari yenye msimbo wa nchi, 254 kwa Kenya, bila alama ya kujumlisha wala sufuri ya mwanzo, hufungua mazungumzo ya WhatsApp. Sufuri moja iliyosahaulika humfanya mteja agonge mlango usiofunguka. Kwa biashara ndogo, hiki huenda ndicho kiungo chenye thamani kuu, na kinastahili kujaribiwa kwa rununu kabla ya tovuti kuzinduliwa.

Maneno ya viungo hivi yataje njia ya mawasiliano: "Tupigie simu", "Tuandikie kwa WhatsApp". Kiungo kinachofungua faili kitaje aina na ukubwa wake: "Orodha ya bei, PDF, MB 2". Mteja anayenunua data kidogo kidogo ana haki ya kujua gharama kabla ya kugusa.

Kuhusu malipo, uangalifu ni wa lazima. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, kulipa kwa simu kumekuwa jambo la kawaida, na matapeli nao wamejifunza kutuma viungo vya kughushi. Mwenye tovuti ataje waziwazi jina la biashara litakalotokea kwenye simu ya mteja anapolipa, na asiweke kamwe kiungo kinachomtaka mteja aandike nambari yake ya siri kwenye ukurasa. Neno lisilofichika hujenga imani kuliko picha za nembo.

8.0 Viungo vya Nje na Sifa ya Biashara

Viungo vinavyotoka tovuti nyingine huathiri jinsi biashara inavyoonekana katika mitambo ya utafutaji. Mwaka 1998 Sergey Brin na Larry Page, wakiwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza mfumo wao wa Google. Wazo lake lina uhusiano na desturi za wanazuoni: kama vile makala inayorejelewa na makala nyingi muhimu huhesabiwa kuwa na uzito, ukurasa unaounganishwa na kurasa nyingi muhimu nao huhesabiwa kuwa na uzito. Zaidi ya hayo, mfumo huo uliyazingatia maneno ya kiungo kama maelezo ya ukurasa unaofikiwa. Kwa hivyo tovuti kumi zikiunganisha kwa neno "hapa", hazijauambia mtambo lolote kuhusu vitanda.

Tamaa ya kupata uzito huo iliwafanya baadhi ya wafanyabiashara wanunue viungo. Mwezi Februari 2011 gazeti la New York Times liliripoti kuwa maelfu ya viungo katika tovuti zisizohusiana na biashara vilielekezwa kwa duka kubwa la Marekani, JCPenney, ambalo lilikana kuhusika. Google ililishusha duka hilo katika matokeo yake, na mwaka 2012 ikaleta badiliko lililoitwa Penguin ili kukabiliana na hila kama hizo. Biashara ndogo haina nguvu za kustahimili pigo la namna hiyo. Njia ya mwongo ni fupi.

Njia halali ni ya polepole: mteja wa hoteli aliyenunua viti aombwe kutaja karakana katika tovuti yake, chama cha mafundi kiorodheshe wanachama wake, mwuza mbao na seremala waunganishane kwa kuwa kweli wanafanya biashara pamoja. Tovuti nayo isiogope kuunganisha nje pale ambapo mteja atafaidika, kwa mfano kwenye maelezo ya kutunza mbao za mvule.

9.0 Viungo Vilivyokufa

Kiungo huweza kufa. Ukurasa ukihamishwa au ukifutwa, msomaji hukutana na tangazo la hitilafu nambari 404. Utafiti wa Pew Research Center uliotolewa mwaka 2024 ulibaini kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikuweza kufikiwa tena miaka 10 baadaye. Ahadi isiyoweza kutimizwa ni heri ifutwe. Inapobidi ukurasa kuhama, fundi aombwe kuweka elekezo la kudumu, linalojulikana kwa nambari 301, ambalo humchukua msomaji kutoka anwani ya zamani hadi mpya. Aidha, kila baada ya muda mwenye biashara apitie viungo vyake kimoja kimoja, kama mwenye duka anavyokagua kufuli jioni.

10.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kuwa kiungo bora hutaja mwisho wa safari, huanza kwa neno lenye uzito, hupatana na ukurasa unaofikiwa, huonekana, na huwa hai. Kuna jaribio jepesi linaloweza kufanywa na yeyote: maneno ya viungo vyote vya tovuti yaandikwe kwenye karatasi pasipo sentensi zake, kisha mtu asiyeijua biashara hiyo aulizwe kila kimoja kinampeleka wapi. Atakapokwama, hapo ndipo mteja naye anapokwama.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, suala hili lina uzito zaidi ya mauzo ya vitanda. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hata hivyo, hadhi ya lugha hudhihirika pia pale mnunuzi anapoweza kutafuta, kulinganisha, kuagiza na kulipa kwa lugha hiyo bila kukwama. Tovuti ya Kiswahili iliyojaa "bofya hapa" na "nyumbani" humfundisha mteja kwamba Kiswahili ni kivuli cha Kiingereza, na mara ya pili atachagua Kiingereza chenyewe. Wanaoijua sarufi ya nomino, vionyeshi na viambishi wanao ujuzi ambao fundi wa msimbo hana. Seremala wa Nakuru anauhitaji, na akiukosa kwao atauchukua kwa mashine ya kutafsiri.